Doa Si Ufa: Somo Juu ya Sura ya Mtu na Kipimo Chake

Somo hili ni la kufundishwa na walimu wa mitaa katika vikundi vya akina mama, vya akina baba na vya vijana. Kwanza zisomwe: 1 Samweli 16:1–13, Wimbo Ulio Bora 1:5–6, 1 Wakorintho 12:14–26.



Somo la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulibeba moyoni wala hawalisemi, nalo ni kuionea haya sura yao. Wasidhani wanaume kwamba haya ni mambo ya wasichana peke yao. Yuko kijana ahesabuye chunusi zake kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Yuko mama ambaye mwili wake umebadilika baada ya kuzaa, naye hataki tena kusimama mbele pamoja na kwaya. Yuko mzee aliyeng'oka meno ya mbele, na tangu siku ile huimba huku amefunika kinywa kwa mkono. Yuko na mwanaume mfupi asiyesema neno barazani, kwa kuwa amekwisha kuamua kwamba hakuna atakayemsikiliza.

Mwalimu aweza kusema, "Haya ni mambo madogo, na tufundishe yaliyo makubwa." Lakini kwa ajili ya mambo haya madogo watu hujipaka sumu mwilini, tena sumu hiyo humfikia hata mtoto aliye tumboni. Wengine hujitenga na wenzao, hata na Meza ya Bwana. Jambo lenye matunda kama hayo si dogo. Basi tulitazame kwa utaratibu.

1. Kipimo chenye alama mbili tu

Kutamani kupendeza si kosa. Mtu huoga, hujipaka mafuta, huchana nywele, huvaa nguo safi siku ya Jumapili. Haya ni mema, nayo ni heshima kwa jirani pia. Madhara huanza pale mtu anapojipima kwa kipimo chenye alama mbili tu: ama mimi ni mzuri kabisa, ama mimi si kitu. Katikati hapana alama.

Tuseme yuko binti wa miaka kumi na saba aliyetokwa na chunusi, zikamwachia madoa meusi mashavuni. Anakwenda kwa bibi yake, anasema, "Bibi, mimi ni mbaya."

Bibi anamwuliza, "Mbaya wapi, mjukuu wangu?"

"Mashavuni, bibi. Yamefanya madoa."

"Nimekuuliza wapi, umenijibu mashavu. Mbona kwanza ulisema 'mimi'? Hayo mashavu ndiyo wewe mzima?"

Bibi huyo hakusoma elimu ya mioyo ya watu, lakini ameushika mzizi wa jambo. Binti alikuwa na madoa machache katika sehemu moja ya uso. Moyoni mwake madoa yale yakaenea, yakafunika uso wote, kisha mwili wote, kisha maisha yake yote, hata akasema, "Mimi ni mbaya." Wenye elimu wamelitazama jambo hili pia. Mganga mmoja wa Marekani wa maradhi ya akili, Aaron Beck, aliyezaliwa mwaka 1921 akafa mwaka 2021, alianza katika miaka ya 1960 kuonyesha ya kuwa watu wenye huzuni nzito mara nyingi hupima mambo kwa mafungu mawili: ama yote ama si kitu. Akaona tena ya kuwa mtu akifundishwa kuyachunguza mawazo yake kama shahidi achunguzwavyo barazani, aweza kupata nafuu.

Sisi tukaao kando ya Ziwa Nyasa tunao mfano ulio karibu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu kwa mikono yao, wakavichoma katika moto wa wazi. Kisha vyungu hupakiwa mitumbwini, vikaletwa katika gulio la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema. Chungu kilichochomwa katika moto wa wazi mara nyingi huwa na alama nyeusi mahali ulipokipiga moshi. Mama ajuaye vyungu hakikatai kwa sababu ya alama ile. Hukiinua, akakigonga kwa kidole, akasikiliza mlio wake. Maana anatafuta ufa, hatafuti doa. Chungu chenye doa hupika. Chungu chenye ufa humwaga.

Kipimo cha alama mbili hakijui kupambanua haya. Kwake kila doa ni ufa. Mtu mwenye kipimo hicho huona shavu lenye doa, akajitupa mzima kama chungu kilichopasuka.

2. Mahali kipimo hiki kinapowapeleka watu

Ukweli ni kwamba watu hawaishii kwenye huzuni tu. Aliyeamua kwamba yeye si kitu hutafuta njia ya kuwa mzuri kabisa, tena upesi, kabla ya siku ya harusi. Hapo ndipo wauzapo mkorogo wanapompata. Jina lenyewe lasema: ni mchanganyiko wa krimu, sabuni na dawa, uliokorogwa pamoja ili kuchubua rangi ya ngozi.

Mwaka 2011 watafiti walichapisha mazungumzo yao na wanawake 42 wa hapa Tanzania waliokuwa wakijichubua. Sababu walizozitaja zilikuwa nyingi: kuondoa chunusi na upele, kuwa na ngozi laini, kupata weupe waliodhani ndio uzuri, kumpendeza mume au mchumba, kuwapendeza wenzao. Na wako waliotaja sababu ya kusikitisha kuliko zote: waliendelea ili waondoe madhara yaliyoletwa na kujichubua kwenyewe. Aliyeingia kwa doa moja akawa mtumwa wa madoa mia.

Walimu na wajue vitu vinavyotiwa ndani ya mkorogo, ili wasifundishe kwa kutisha tu bali kwa maarifa.

Kwanza ni zebaki. Hii huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Lakini haikai juu ya ngozi. Huingia mwilini, ikaharibu figo, ikasumbua mishipa ya fahamu, ikaleta wasiwasi na huzuni. Yaani mtu aliyejipaka ili aondoe huzuni aweza kujiongezea huzuni. Zebaki humfikia mtoto aliye tumboni. Tena hutoka katika ngozi na taulo kama hewa isiyoonekana, na watoto wa nyumba ile huivuta.

Pili ni haidrokwinoni. Ikitumiwa siku nyingi pasipo mganga, aweza mtu kutokwa na mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi, nayo ni magumu sana kuondoka. Tatu ni dawa za jamii ya steroidi. Waganga huzitumia kwa magonjwa ya ngozi, kwa kipimo na kwa muda; mtu akijipakia mwili mzima miezi na miaka, ngozi huwa nyembamba, hufanya michirizi, na vidonda huchelewa kupona.

Twakaa kando ya maji, tena twala samaki. Basi na jambo hili tulijue. Sabuni yenye zebaki ikioshwa, zebaki huingia katika maji, na katika maji yaweza kugeuka kuwa namna iliyo kali zaidi, ikaingia katika samaki. Japani uko mji uitwao Minamata. Watu wake walikula samaki waliotiwa sumu na zebaki ya kiwanda, na ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa jina la mji ule mataifa yalifanya mkataba juu ya zebaki mwaka 2013. Na mwaka 2023 yakakubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Serikali yetu nayo imevipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tangu mwaka 2019 kazi ya kuvisimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwishoni mwa mwaka 2018 kuvikamata madukani kwa nguvu. Walakini sheria hufika dukani. Haifiki katika moyo wa binti ajitazamaye kiooni. Huko yapasa afike mama yake, bibi yake, na mwalimu wake.

3. Rangi ya ngozi ni kinga

Tujifunze pia kazi ya kitu kile ambacho watu hulipa fedha ili kukiondoa. Rangi ya ngozi yetu inaitwa melanini. Nayo ni mwavuli: huzuia mionzi mikali ya jua isiuharibu mwili. Ndugu zetu wenye ualbino wana kidogo sana ya rangi hii au hawana kabisa, nao katika nchi yetu ya jua kali huwa katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Kwa ajili yao, katika hospitali ya KCMC huko Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, hutengenezwa krimu ya kuwakinga na jua.

Tazameni basi: Moshi watu wenye elimu hufanya kazi kwa bidii ili kumpatia mtu kinga ambayo ngozi yake haikuwa nayo, na mahali pengine mtu mwenye kinga ile hutoa fedha ya mpunga wake ili aichubue. Wala nisieleweke vibaya: ndugu mwenye ualbino si chungu chenye ufa. Yeye naye ni mtu mzima kamili, mwenye mahitaji yake, kama vile sisi sote tulivyo na yetu.

4. Maandiko yatufundisha nini

Samweli alipokwenda Bethlehemu alimwona Eliabu, kijana mrefu wa sura nzuri, akadhani huyu ndiye. Mungu akamwonya asiutazame uso wala kimo, kwa kuwa Bwana huutazama moyo. Habari hii twaijua sote. Lakini someni hata mstari wa 12. Daudi alipoletwa, mwandishi hakuona vibaya kutuambia ya kwamba macho yake yalikuwa mazuri, na sura yake ya kupendeza. Basi Maandiko hayasemi kwamba uzuri ni kitu kiovu. Yasema kwamba si kipimo cha mtu. Anayefundisha kwamba kujipamba kote ni dhambi ameshika kipimo kile kile cha alama mbili, ila amekigeuza juu chini.

Katika Wimbo Ulio Bora mwanamke asema juu ya weusi wake na uzuri wake kwa pumzi moja. Aeleza kwamba jua limemchoma, kwa kuwa ndugu zake walimweka kulinda mashamba ya mizabibu. Wanawake wetu walimao mpunga katika tambarare ya Kyela wajua habari hii bila kufasiriwa. Katika Kiebrania neno liunganishalo weusi na uzuri wa mwanamke yule laweza kufasiriwa "lakini", tena laweza kufasiriwa "na". Tulizoea kusoma "lakini", kana kwamba weusi ni kosa la kusamehewa kwa ajili ya uzuri. Tukisoma "na", mambo mawili yakaa pamoja bila ugomvi.

Paulo naye, akiandikia Wakorintho, asema juu ya viungo vya mwili vionwavyo kuwa dhaifu au visivyo na heshima, ya kwamba hivyo ndivyo tuvipavyo heshima zaidi. Hasemi ya kuwa viungo vyote ni sawa kwa sura. Asema ya kuwa vyote ni vya mwili mmoja.

Nasi Walutheri tuna fundisho litufaalo hapa. Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi. Hakusema nusu hii, nusu ile. Wala hakusema leo hiki, kesho kile. Mambo mawili ni ya kweli kwa mtu mmoja, na Mungu humpokea mtu huyo. Ikiwa katika jambo kubwa kama dhambi Mungu hatutupi kwa sababu ya doa, kwa nini sisi tujitupe kwa sababu ya chunusi? Tena watoto wa kipaimara hukariri maelezo ya Luther juu ya sharti la kwanza la Imani, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Pale mtu hukiri kwamba Mungu amempa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote. Hataji rangi, hataji kimo, hataji wembamba. Ashukuru kwa macho kwa kuwa yaona.

5. Neno kwa walimu

Yatupasa tujiangalie, maana sisi tufundishao twaweza kukitumia kipimo kile kile. Yako makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kumhukumu aliyejichubua, kusema mbele ya watu kwamba amemkana Muumba wake. Asikiapo hivyo husema moyoni, "Basi nimekwisha kupotea, na niendelee tu." Tumempa sababu ya kurudi kwenye kopo lake, tena tumemfungia mlango wa kanisa.

Kosa la pili ni kumjibu mwenye huzuni, "La, wewe ni mzuri kabisa, huna kasoro." Hawezi kuamini, kwa kuwa kioo anacho. Tena tumekiacha kipimo chake kama kilivyokuwa. Tumemhamisha tu kutoka alama moja hadi nyingine, na kesho chunusi mpya itamrudisha.

Kosa la tatu ni kusema, "Sura si kitu." Kwa binti aliyekataliwa na mchumba kwa ajili ya rangi yake, sura imekuwa kitu, nasi tukisema si kitu twamwambia kwamba hatukusikia alichotueleza.

Iliyo njia njema ni hii. Kwanza, msikilize mtu mpaka mwisho. Pili, mwulize kama bibi yule alivyouliza: "Wapi? Kiasi gani? Tangu lini?" Maswali haya huyarudisha madoa mahali pake. Tatu, badala ya neno "au" mfundishe kutumia neno "na": nina madoa mashavuni, na sauti yangu hushika wimbo, nimenenepa, na mikono yangu imelea watoto wanne, ni mfupi, na neno langu barazani lina uzito. Asilazimishwe kusema uongo wo wote. Kila neno na liwe kweli. Nne, mwelezeni kijana habari za picha azionazo katika simu. Simu za siku hizi zaweza kuilainisha ngozi na kuing'arisha kabla mtu hajaona. Basi ajilinganishapo na picha ile ajilinganisha na uso ambao hata mwenyewe hana.

Tano, aliyekwisha kutumia mkorogo asaidiwe kwa akili. Kitu kidhaniwacho kuwa na zebaki kiachwe mara moja, wala kisichomwe moto, maana moshi wake ni sumu. Dalili zake ni hizi: kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, au lenye onyo kwamba dawa isiguse dhahabu, fedha au vyombo vya alumini. Lakini aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu aende kwanza hospitali, akaelezwe namna ya kuziacha. Kwa maana akiacha kwa ghafula ngozi yaweza kuwaka na kuvimba, naye akadhani ameharibika zaidi, akarudia. Ajue kwamba wiki za kwanza si hukumu ya mwisho. Kupona kwa ngozi ni kwa hatua, na hapo ndipo kipimo cha alama mbili humwangusha mtu tena, kwa sababu hakijui kuhesabu hatua.

Sita, wazazi tuulinde ulimi. Mtoto aitwaye "mkaa" nyumbani kwao, hata kwa mzaha, hukua akilitafuta jina lingine. Na katika sherehe za arusi, asifiwapo bibi arusi kwa weupe wake, wasichana wote walioketi pale wamefundishwa somo, wala si somo letu.

Ndugu zangu, hatutaweza kuviondoa vioo nyumbani, wala haitupasi. Yatupasa kuwafundisha watu kujitazama kama mama wa gulioni akitazamavyo chungu: doa alione, aliite doa, kisha akigonge asikie kama ni kizima. Aliye na doa na aje kama alivyo, aimbe mdomo wazi, akae mahali pake. Nafasi yake iko.

Maswali ya kujifunza

1. Je, ni maneno gani ya nyumbani kwetu au ya kijijini yanayowafundisha watoto kwamba rangi moja ni bora kuliko nyingine? Tufanye nini juu yake?

2. Samweli alikosea wapi alipomtazama Eliabu? Kwa nini mstari wa 12 waisifu sura ya Daudi?

3. Kila mtu na aandike, bila kuonyesha mwenzake, jambo moja la mwili wake analolionea haya. Kisha aongeze neno "na", aandike jambo lingine la kweli.

4. Mama mmoja ameacha kuja kanisani kwa sababu ya mabaka ya mkorogo usoni. Nani amtembelee, naye amwambie nini kwanza?